Ofisa wa majini ni nani hasa? Tazama hati kabla ya sare

Vijiweni Mwanza neno baharia limechoka. Anayepaki bodaboda Kamanga ni baharia, anayekaanga chipsi Igogo ni baharia, na aliyekopa hela ya kwenda kuangalia mpira usiku naye ni baharia. Utani huo hauna ubaya, mpaka siku jeshi linapotangaza kuandikisha vijana au meli mpya inapotafuta wafanyakazi. Hapo swali linakuwa la kweli: nataka kuwa ofisa wa majini, nianzie wapi? Mmoja anamwambia kijana aende JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mwingine anamwambia atafute ada ya chuo cha bahari Dar es Salaam. Wa tatu ana shemeji yake polisi wanamaji, eti atafanya mpango.

Ukimwacha huyo wa mpango, wengine hawajakosea. Wanazungumzia kazi tofauti ambazo kwa mbali zinafanana: shati jeupe, mistari begani, chombo kinachoelea. Kinachozitofautisha ni hati unayopewa, nani anakupa, na inakufaa wapi ukiondoka. Nyingi ya hati hizo hazibadilishani. Miaka 10 ya upande mmoja inaweza kuhesabiwa kama sifuri upande wa pili, na hilo ndilo watu wengi hulijua wakati wameshachelewa.

Tuweke maneno sawa kwanza

Wanamaji, au nevi kama inavyoitwa mtaani, ni tawi la jeshi. Kwa Tanzania ni Kamandi ya Jeshi la Wanamaji ndani ya JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yenye makao Kigamboni. Ofisa wake ni mwanajeshi kwanza, mtu wa majini baadaye.

Ofisa wa meli ya biashara ni raia. Anaendesha meli ya abiria, mafuta au makontena, na kinachomruhusu kushika zamu ni cheti cha umahiri. Kwa Tanzania Bara vyeti hivyo husimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018.

Polisi wanamaji ni askari polisi wanaofanya kazi majini: wizi wa injini za boti, magendo, ajali, miili iliyozama. Vyeo vyao ni vya polisi. Anayeitwa Inspekta ni Inspekta, awe kwenye boti au barabarani.

Kisha kuna wengine wenye boti lakini wasio nevi wala polisi: doria za uvuvi, watu wa kodi, uhamiaji, na kule Zanzibar KMKM, kikosi maalum cha kuzuia magendo. Wanaosikiliza redio za ng'ambo ya ziwa husikia pia habari za walinzi wa pwani wa Kenya, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, wakadhani na huku kuna ofisi ya jina hilo inayoajiri. Upande wetu wa ziwa kazi zile zimegawanywa kwa vyombo hivi nilivyovitaja.

Tofauti ya hati ya raia na ya mwanajeshi utaielewa ukimtazama dereva wa hiace ya Buhongwa. Akikorofishana na tajiri, anakabidhi ufunguo na kuondoka na leseni mfukoni. Gari ni la tajiri, leseni ni yake, kesho anaendesha hiace nyingine. Cheti cha umahiri cha ofisa wa meli kiko hivyo. Kampuni ikifilisika, cheti hakifilisiki.

Kamisheni ya jeshi si leseni. Ni madaraka ambayo Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, anamkabidhi mtu ili aongoze askari. Inaendana na utii, pensheni na heshima inayobaki hata baada ya kustaafu, lakini huwezi kuipeleka kwa kampuni ya meli ukaambiwa panda.

Kapteni yupi?

Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba akikwambia mwanawe ni kapteni, usipige hesabu haraka. Neno hilo lina maana tatu.

Kapteni wa jeshi la nchi kavu ni ofisa mwenye nyota tatu, hatua ya tatu baada ya Luteni Usu na Luteni. Ni kijana bado. Katika majeshi ya wanamaji yaliyofuata mfumo wa Kiingereza, Kapteni wa nevi ni mtu mzima wa cheo: analingana na Kanali. Yule mwenye nyota tatu wa nchi kavu, mwenzake nevi huitwa Luteni. Ndiyo maana ofisa wawili wenye cheo kilichoandikwa sawa wanaweza kukutana, na mmoja akalazimika kumpigia mwenzake saluti. Juu yao, Komodoo analingana na Brigedia Jenerali, na Rear Admiral, cheo cha mkuu wa Kamandi ya Wanamaji, analingana na Meja Jenerali.

Kapteni wa tatu ni nahodha wa meli ya biashara. Hicho si cheo cha kijeshi hata kidogo, ni nafasi ya kazi. Mistari minne begani mwake inasema kwamba kwenye meli hii neno la mwisho ni lake. Akishuka, akaajiriwa kwenye meli nyingine kama chifu ofisa, yaani wa pili kwa nahodha, atavaa mitatu. Mwanajeshi hapunguziwi mistari kwa kuhama chombo.

Njia ya nevi

Hakuna mlango wa moja kwa moja wenye bango la ofisa wa nevi. Unaingia JWTZ, kisha JWTZ inaamua wewe ni wa wapi. Unaweza kuwa umezaliwa Ukerewe, unaogelea kama kambare, ukapangiwa mizinga. Asiyeweza kulivumilia hilo asiendelee na njia hii.

Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa na sura moja: uwe raia mwenye kitambulisho cha taifa, vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule, afya nzuri, huna hatia mahakamani, hujawahi kutumikia polisi, magereza au kikosi kama KMKM, na uwe umemaliza mafunzo ya JKT ukapewa cheti. Kikomo cha umri kwa waliomaliza sekondari kimekuwa miaka 24, na wenye elimu ya juu wameongezewa kidogo. Soma tangazo la mwaka husika mwenyewe, usisome picha iliyokatwakatwa kwenye simu ya mtu.

Kwa hiyo JKT ndiyo kizingiti. Waliomaliza kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria. Wengine huingia kwa kujitolea. Baada ya kuandikishwa kuna ukuruti, na wale wanaochaguliwa kuwa ofisa wanafunzi hupelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, Arusha. Huko siku hizi kuna pia Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, ambayo humwongezea ofisa hati moja inayosomeka nje ya jeshi. Wengine husomea vyuo vya nchi rafiki. Mwisho wake ni gwaride, kamisheni, na cheo cha Luteni Usu.

Hapa ndipo wenye shahada hudanganyika. Digrii haikupi nyota. Inakupa sifa ya kufikiriwa, na baada ya hapo unapiga magoti na kuviringika kwenye matope na wenzako wa kidato cha nne. Anayekuuliza shilingi ngapi ili upitishwe ni tapeli. Jeshi limekuwa likionya kila mwaka kwamba nafasi haziuzwi, na kila mwaka kuna familia inayouza ng'ombe.

Tuseme umepita, na umepelekwa wanamaji. Maisha ya kazi yanakwenda hivi: unajifunza zamu ya usukani au ya mitambo chini ya ofisa mkubwa, unakuwa mkuu wa kitengo ndani ya chombo, kisha msaidizi wa mkuu wa chombo, kisha, ukibahatika, mkuu wa chombo. Kati ya hatua hizo unaitwa nchi kavu kwa kozi na kazi za ofisini: Chuo cha Ukamanda na Unadhimu pale Duluti kwa ofisa wa kati, na kwa wachache sana Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi.

Neno lenye uzito hapo ni "ukibahatika". Nevi ndogo ina vyombo vichache, na kila chombo kina mkuu mmoja. Ofisa kumi waliohitimu pamoja hawawezi wote kuongoza meli. Ni kama hiace moja yenye madereva kumi. Wengi watamaliza kazi wakiwa wamekaa nchi kavu miaka mingi kuliko majini: mipango, ugavi, mafunzo, mawasiliano, ulinzi wa kambi. Ni kazi nzuri na ya heshima. Ila aliyeingia kwa mapenzi ya usukani ajue hilo mapema.

Njia ya meli za biashara

Huku nakaa kidogo, maana ndiko fedha za wazazi zinakopotea.

Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unaojulikana kwa herufi STCW. Ndio unaofanya cheti kilichotolewa Tanzania kieleweke Singapore. Unagawa kazi pande mbili: deki, yaani uongozaji wa meli na shehena, na injini. Kila upande una ngazi zake. Deki: ofisa wa tatu, wa pili, chifu ofisa, nahodha. Injini: injinia wa nne, wa tatu, wa pili, chifu injinia.

Chuo kinachojulikana zaidi nchini ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kilichoanza kama kitengo cha mafunzo mwaka 1978 na kuwa taasisi kwa sheria ya mwaka 1991. Darasani utapita. Hesabu za dira, uthabiti wa meli, hali ya hewa, sheria, kozi za kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa wenzako. Vijana wa Mwanza hawana tatizo na hesabu.

Tatizo ni muda wa melini. Ili upewe cheti cha ofisa wa zamu wa deki kwa meli za tani 500 na zaidi, mkataba unataka angalau miezi 12 ya kuwa melini kwenye programu ya mafunzo iliyokubaliwa, ukiwa na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kinachosainiwa kazi moja baada ya nyingine, na ndani ya muda huo miezi 6 iwe ya zamu ya daraja, yaani chumba cha kuongozea meli, chini ya uangalizi. Huna programu hiyo? Miezi inakuwa 36. Kwa injini, kwenye meli zenye mtambo wa kilowati 750 na zaidi, ni miezi 12 inayochanganya karakana na melini, angalau 6 ikiwa ya zamu ya chumba cha injini.

Hizo tani 500 si uzito, na hapa watu huchanganyikiwa sana. Meli mpya ya MV Mwanza iliposhushwa ziwani Februari 2023, ilielezwa kuwa na uzito wa tani 3,500, na papo hapo kwamba inabeba tani 400 za mizigo. Watu wakauliza tani 3,100 zimekwenda wapi. Hazijaenda popote: moja ni chombo chenyewe, nyingine ni shehena. Na tani za kwenye cheti ni kitu cha tatu kabisa, kipimo cha ujazo wa nafasi zote zilizofungwa ndani ya meli. Fikiria ghala. Unaweza kuuliza jengo lina uzito gani, mahindi yaliyomo yana uzito gani, au ghala lina nafasi kiasi gani hata likiwa tupu. Cheti kinauliza hilo la mwisho.

Basi kijana anamaliza darasa, na meli ya kumchukua kama kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, haipo. Anakaa mwaka. Anapata boti ndogo ya mizigo ya mwambao, anafanya kazi miezi 14, anarudi na barua yenye mhuri, na anaambiwa haihesabiki. Sababu huwa ni mojawapo ya hizi: meli ilikuwa chini ya tani 500, barua haikutaja tani wala kilowati, haikutaja namba ya usajili ya meli, tarehe za barua hazilingani na mihuri ya kupanda na kushuka kwenye kitabu cha baharia, au aliandikwa kama mhudumu wa deki kumbe anadai muda wa kadeti. Barua nzuri ya huduma ya melini ina jina la meli, namba yake, tani, nguvu ya injini, nafasi uliyoshika, tarehe ya kupanda na ya kushuka, na idadi ya miezi ya zamu, imesainiwa na nahodha au chifu injinia. Idai siku unaposhuka. Ukishaondoka bandarini nahodha naye anahama, na kumtafuta ni kama kutafuta kasia lililopotea kisiwani Goziba.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada chuo chochote, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: nani anatafuta meli ya mafunzo, chuo au mimi? Waliomaliza mwaka juzi wamepata meli za tani ngapi? Kitabu cha mafunzo kinasainiwa na nani? Ukijibiwa "hilo litajulikana mbele", umeshajibiwa.

Ukivuka hapo, ngazi inapanda vizuri. Miezi 12 ya ofisa wa zamu inakufungulia cheti cha chifu ofisa. Miezi 36, au 24 ikiwa 12 kati yake ulikuwa chifu ofisa, inakufungulia cheti cha nahodha wa meli kubwa. Hiyo ni sheria. Kwa hali halisi, kutoka ofisa wa tatu hadi kukabidhiwa meli mara nyingi ni miaka 8 hadi 12. Cheti chenyewe huhuishwa kila miaka 5, na aliyekaa nchi kavu muda mrefu hulazimika kuthibitisha upya kwamba bado anaweza. Mikataba ya ofisa mara nyingi ni miezi 4 hadi 6 melini, kisha nyumbani, na nyumbani huko mara nyingi bila mshahara. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakuhakikishia angalau saa 10 za kupumzika ndani ya saa 24 na saa 77 kwa wiki, na unakataza wakala kukutoza fedha ili akupe kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Wakala anayetaka milioni mbili za "kuhifadhi nafasi" umeshamjua.

Maji baridi hayahesabiki kama maji chumvi

Sasa tuje ziwani. Mtu wa Mwanza hufikiri hivi: nitaanza kwenye meli za hapa nyumbani, nikipata uzoefu nahamia baharini. Ni wazo la busara kwa kazi nyingi. Kwa hii lina shimo.

Mkataba wa STCW unahusu meli za baharini. Unaziacha nje waziwazi meli zinazosafiri maji ya ndani peke yake. Unaziacha nje pia meli za kivita na za uvuvi. Soma tena hiyo sentensi, maana inawagusa watu watatu kwa mpigo: aliyefanya kazi miaka 7 kwenye meli ya Mwanza hadi Bukoba, ofisa wa nevi aliyestaafu, na mvuvi mzoefu. Hakuna kati yao anayepata cheti cha kimataifa kwa uzoefu huo peke yake. Nchi inaweza kutambua sehemu ya uzoefu au kupunguza baadhi ya masharti. Hilo liulizwe TASAC kwa maandishi, na jibu lipatikane kwa maandishi, kabla ya kuacha kazi.

Kutohesabiwa si sawa na kuwa kazi nyepesi. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, karibu nusu likiwa Tanzania. Mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu, yanakipiga chombo kidogo vibaya kuliko mawimbi marefu ya bahari. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, tofauti ya kama kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo meli ileile yenye mzigo uleule inazama zaidi ziwani. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 jirani na Ukara. Kivuko cha watu 101, waliokufa 228. Namba hizo mbili zilivyopishana ndiyo kazi ya ofisa wa deki: kuhesabu vichwa na uzito kabla kamba hazijafunguliwa, na kusema hapana mbele ya umati unaotaka kufika sokoni.

Chukua zamu ya usiku kwenye meli ya Bukoba. Zamu moja ina urefu wa saa nne. Ofisa yupo darajani na mtu wa usukani, taa zimezimwa ili macho yaone nje. Redio iko chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura. Mwezi haupo, na hapo ndipo wavuvi wa dagaa hutoka, kwa sababu taa zao huvuta dagaa vizuri penye giza. Mbele kuna mji mzima wa taa nyeupe unaoelea. Ndani ya mji huo kuna meli moja inayokuja, na ofisa anatakiwa aitambue kwa rangi: nyekundu ni ubavu wake wa kushoto, kijani ni wa kulia, nyeupe juu ya mlingoti. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, mnatazamana. Wote mnageukia kulia. Ukiona nyekundu ikikatiza kutoka upande wako wa kulia, wewe ndiye wa kupisha. Ukiona nyeupe ya nyuma tu na unaikaribia, unaipita, na jukumu la kukaa mbali ni lako. Mitumbwi ya dagaa haijasoma kanuni hizo. Ina taa ya dagaa na kelele za mtu anayepunga tochi. Rada inaonyesha mlingoti wa chuma vizuri, mbao iliyolowa kwa shida. Kwa hiyo ofisa anapunguza mwendo, anaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu muda na mahali, na hamwamshi nahodha mpaka inapobidi, ila ikibidi anamwamsha bila kuona haya.

Chini yake, kwenye injini, mwenzake anapambana na kitu kingine. Gugumaji limenyonywa kwenye chujio la maji ya kupozea. Joto la maji ya injini lililokuwa kwenye 80 linapanda taratibu, 84, 87. Akisubiri kengele amechelewa. Anafungua chujio la akiba, anafunga lililoziba, analifungua kifuniko, anachomoa majani na mizizi kwa mikono, analisafisha, analirudisha liwe akiba ya saa ijayo. Baharini gugumaji halipo. Uzoefu huu hakuna anayeuandikia cheti.

Ajira za ziwani zenyewe zipo kwenye kampuni ya meli ya serikali yenye makao Mwanza, kwenye vivuko vya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, na kwa wenye meli binafsi. Kubwa la faida yake ni kwamba unalala nyumbani siku nyingi za mwezi. Kubwa la hasara ni udogo wa soko. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, vivuko vya hapo vilibaki bila kazi ile ya jana. Mtu mwenye cheti cha maji ya ndani pekee hana pengi pa kukipeleka.

Deki au injini?

Nikiulizwa na kijana anayetaka kuishi kanda hii, nitasema injini. Sababu si heshima. Deki ndiyo inayotoa nahodha. Sababu ni kwamba injinia wa meli anafahamu jenereta, pampu, mitambo ya baridi na umeme, na viwanda vya minofu ya sangara, hospitali, migodi ya Geita na hoteli vyote vina vitu hivyo. Ofisa wa deki akishuka nchi kavu, kazi zake ni za bandari: rubani wa kuingiza meli, mkaguzi wa vyombo, msimamizi wa shehena, na uratibu wa utafutaji na uokoaji. Ni kazi nzuri, chache, na nyingi ziko Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Kwenye nevi hesabu hiyo pia inafanya kazi. Ofisa wa mitambo anayestaafu ana ufundi unaosomeka. Ofisa wa usukani ana uongozi, ambao unaheshimiwa sana na kuajirika kidogo, isipokuwa akijisomea kitu cha pili akiwa kazini.

Polisi wanamaji naipitia haraka kwa sababu haihitaji mafumbo: ukitaka kubaki ziwani, kuvaa sare na kuhudumia watu unaowajua kwa majina, ni njia fupi kuliko nevi. Ila ni upolisi. Siku yoyote barua ya uhamisho inaweza kukupeleka Singida, kusiko na tone la ziwa hili.

Wasichana huuliza kama milango hii ni yao. Ni yao, yote. Kwenye meli za biashara kinachowakwamisha ni kilekile kinachowakwamisha kaka zao, meli ya mafunzo, na juu yake baadhi ya wenye meli wanaodai hawana kabini ya kuwatenga. Jibu lao liulizwe mapema, kabla ya mkataba.

Anza na macho

Watu huanza na vyeti vya shule na kumalizia na daktari. Geuza. Kipimo cha kwanza ni cha rangi, zile picha za madoadoa zenye namba ndani. Kuna wanaume wenye upungufu wa kutofautisha rangi, mara nyingi nyekundu na kijani, na wengi wao hawajui mpaka siku ya usaili. Kwa deki hakuna mjadala, kwa maelezo ya zamu ya usiku hapo juu, na miwani ya rangi hairuhusiwi. Kuona kwa mbali kunatakiwa kufikia 0.5 kwa kila jicho, hata kwa msaada wa miwani ya kawaida. Kwa injini kipimo cha rangi kipo ila ni chepesi zaidi. Kliniki ya macho yoyote kubwa Mwanza ina kitabu cha picha hizo, na kipimo kinachukua dakika kama tano.

Baada ya macho, majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa. Kama kimoja kinasema Masanja, kingine Massanja, na cha tatu kimepindua majina, rekebisha sasa kwa njia za kisheria, kwa sababu dirisha la maombi huwa la wiki chache na marekebisho ya majina ni ya miezi.

Kisha kuogelea, kwa kufundishwa. Kujifunzia Igombe ukiwa mtoto kunakupa ujasiri. Hakukufundishi kuelea dakika kadhaa ukiwa na nguo nzito na viatu, wala kuruka kutoka mita kadhaa juu ukiwa umeshika jaketi la kujiokolea kifuani ili lisikuvunje taya.

Ukishapita hivyo vitatu, chukua karatasi na uandike umri wako na kikomo cha tangazo la mwisho la jeshi. Mwenye miaka 19 anaweza kujaribu JKT kwanza, na asipochukuliwa bado ana muda wa chuo cha bahari. Mwenye miaka 23 hana nafasi ya kukosea mara mbili kwa upande wa nevi. Mwenye 28 na digrii ya uhandisi wa mitambo, nevi kwake pengine imefungwa, lakini chumba cha injini cha meli ya biashara hakijafungwa: sharti la umri la cheti cha ofisa wa zamu, wa deki au wa injini, ni kutokuwa chini ya miaka 18, na huko juu mkataba haukuweka kikomo, kinachokuondoa ni afya. Apeleke shahada yake chuoni, aulize kwa maandishi masomo gani yatasamehewa, na ni nani atakayempa meli.